Simba isajili namba, majina yatakuja yenyewe

Ndugu Mhariri,

Leo, katikati ya mwaka 2025, ligi ikiwa imekwisha, naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Simba ikitaka ubingwa msimu ujao ishushe washambuliaji watatu wa maana kutoka nje na kukisafisha kikosi kizima. Simjui na wala sina ugomvi naye. Ni Mwanasimba mwenzangu, ameumia kama nilivyoumia. Ila kila nikifika pale kwenye washambuliaji watatu nashika kichwa.

Mimi ni mkazi wa Kihonda, Morogoro, na nina banda la kuonyeshea mpira. Mabenchi ya mbao, king'amuzi, runinga mbili, na jenereta kwa ajili ya zile jioni ambazo umeme unaamua kuondoka dakika ya 80. Mteja wangu akiona timu yake imeshaongoza anaweza kutoka nje kuvuta sigara au kupokea abiria wa bodaboda. Mimi siwezi, nabaki mpaka refa amalize. Kwa hiyo Simba ya msimu huu wa 2024/25 nimeiona yote, na dakika za mwisho ndizo nilizoziona kuliko watu wengi.

Tuanze na hesabu. Yanga wamekuwa mabingwa kwa pointi 82, sisi tumeshika nafasi ya pili kwa pointi 78. Mtu akitazama juu juu atasema pengo ni pointi nne. Lakini tulipokwenda kucheza nao Juni 25, mechi ya mwisho kabisa, wao walikuwa na 79 na sisi 78. Pointi moja! Tulihitaji kushinda tu tubebe kombe, tukafungwa 2-0. Katika mechi 30 tumeshinda 25, tumetoka sare tatu, tumepoteza mbili, na zote mbili ni kwa hao hao Yanga. Timu iliyoshinda mechi 25 kati ya 30 haijakosa wafungaji. Jean Charles Ahoua, ambaye ni kiungo, ndiye mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Leonel Ateba na Steven Mukwala kila mmoja amevuka mabao 10. Sasa hao watatu wapya watakaa wapi, juu ya mabega ya wenzao?

Sare zenyewe ndizo zinazoeleza ugonjwa. Coastal Union, Oktoba: tunaongoza 2-0, tunamaliza 2-2. Fountain Gate kule Manyara, Februari: Ateba anafunga, tunaongoza, kijana Ladack Chasambi anarudisha mpira kwa kipa Moussa Camara na mpira unaingia wavuni, 1-1. Azam, Februari hiyo hiyo: tunaongoza 2-1 na mechi inakaribia kwisha, Zidane Sereri anasawazisha. Ongeza na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Amaan, Zanzibar, Mei 25. Tulishafungwa 2-0 na RS Berkane kule kwao Morocco, Joshua Mutale akatufungia mapema, tukawa na matumaini, na dakika za nyongeza wakasawazisha. Mara nne tumeongoza, mara nne tumeshindwa kufunga mlango. Kwenye ligi tu, mbili kati ya sare zile tatu zingegeuka ushindi, Juni 25 tungeingia uwanjani tukiwa juu ya Yanga, na sare ingetutosha.

Ile fainali niielezee kidogo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye kreti za soda. Bao la Mutale lilipoingia kuna benchi lilivunjika, sikudai mtu. Kipindi cha pili hakijakolea, Yusuph Kagoma akaoneshwa kadi nyekundu. Kelele zikakatika. Mzee mmoja dereva wa lori, anakaa daima karibu na mlango, hakumlaumu refa wala Kagoma. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida: "Sasa pale katikati anaingia nani?" Vijana wakaanza kutaja majina. Mmoja akamtaja Ngoma, mwingine Debora, mwingine Okejepha, mwingine akasema Mzamiru. Wakabishana wao kwa wao mpaka nikawaambia wanyamaze tuone mpira. Tuna watu wengi wa katikati, lakini hakuna hata mmoja ambaye Mwanasimba anaweza kulitaja jina lake bila kubishiwa kwamba huyu ndiye namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji wa mbele ya mabeki.

Na hili halikuanza mwaka huu. Yanga walimleta Khalid Aucho, Mganda, mwaka 2021. Tangu siku hiyo ubingwa umekwenda Jangwani, nyumbani kwa Yanga, misimu minne mfululizo. Makocha wamepita, Nabi, kisha Gamondi na wengineo, washambuliaji wamepita, Mayele akaondoka kwenda Pyramids ya Misri, Aucho alikuwa pale pale mbele ya mabeki misimu yote minne. Sisi ndani ya miaka hiyo tumekuwa na Taddeo Lwanga, Sadio Kanoute, Ismael Sawadogo, Fabrice Ngoma, Babacar Sarr, Augustine Okejepha, Debora Fernandes, na Kagoma. Hebu msomaji ayasome tena majina hayo polepole. Wengine walikuja dirisha dogo la usajili, Januari, na kufikia mwisho wa msimu walishaoneshwa mkono wa kwaheri. Sisemi wote walikuwa wabovu. Kanoute nilimpenda, na Ngoma ana akili ya mpira. Nasema tumekuwa tukinunua kiungo kila dirisha kwa sababu hatujawahi kukaa chini kuamua tunataka kiungo wa namna gani.

Namba sita ninayemtaka mimi hachezi kwa ajili ya kamera. Timu ikiongoza bao moja na zimebaki dakika 15, yeye anajua ni wapi amchezee mtu faulo na ni wapi asimguse. Mpira ukitoka nje anaufuata akitembea. Beki wa pembeni akipanda, yeye ameshafika pale alipotoka beki kabla mpira haujapotea. Anawapangia mabeki wa kati kwa kuwapigia kelele. Mashabiki wa bandani kwangu mchezaji wa namna hiyo hawamwimbi, wanamkumbuka siku amekosekana. Jonas Mkude alikuwa na mengi ya hayo. Na Mkude hakununuliwa na mtu, alitoka timu yetu ya vijana, akala ubingwa ule wa misimu minne kuanzia 2018 hadi 2021, akaondoka 2023 na, kwa uchungu wetu, akavaa kijani na njano ya Yanga.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa kocha na viongozi ni hilo: fedha ya kwanza ya dirisha hili kubwa iende kwa namba sita mmoja, mwenye umri wa kukaa miaka minne, na apewe mkataba wa miaka hiyo. Mmoja tu. Nyuma yake abaki Kagoma, ambaye ni kijana wa nyumbani na anakaba kweli, kadi ile ya Amaan isimfutie kazi yake ya msimu mzima.

La pili ni namba tatu, beki wa kushoto, na hapa naomba nivumiliwe kwa sababu namba tatu ndiyo niliyocheza, ligi ya mkoa, enzi hizo tunafunga viatu kwa kamba ya katani. Mohamed Hussein Tshabalala mkataba wake umefika mwisho. Vijiweni kila mtu ana habari yake: anabaki, anaondoka, ameonekana Jangwani, hajaonekana. Mimi sitaingia kwenye umbea huo. Ninachokijua ni kwamba Tshabalala alikuja Simba mwaka 2014 kutoka Kagera Sugar akiwa mtoto kabisa, hakuna aliyekesha kumsubiri uwanja wa ndege, na miaka 11 baadaye, msimu wa 2024/25, alikuwa nahodha. Katika miaka hiyo ni mara ngapi mmesikia Simba ina shida ya beki wa kushoto? Watu wa mguu wa kushoto hawapatikani kirahisi. Nenda kwenye kiwanja chochote cha Morogoro jioni, katika vijana 30 utakuta wawili watatu, na mmoja wao anataka kucheza mbele, namba kumi. Ukimpata akiwa na miaka 18 humlipi fedha nyingi. Ukingoja mpaka mwenzako amkomaze, utauza gari.

Dirisha kubwa la 2024 tulimleta Valentin Nouma kutoka Lupopo ya Lubumbashi aje amsaidie Tshabalala. Sawa, nia ilikuwa njema, lakini ndiyo hesabu mbaya yenyewe. Kanuni zinaturuhusu wageni 12. Mgeni anayekuja kukaa nyuma ya nahodha amekula nafasi ya mtu ambaye angeanza. Mbadala wa beki wa pembeni awe Mtanzania, awe mdogo, na awe anajua kwamba anamngoja mkubwa wake amwachie. Kulia napo ni hivyo hivyo. Shomari Kapombe ana miaka 33 na bado anapanda na kushuka kama gari la Mikumi, Mungu ampe nguvu, lakini hata yeye hatacheza milele, na Kelvin Kijili anahitaji ama aaminiwe apewe mechi au tuseme wazi kwamba hatumwamini.

Msomaji mwenzangu aligusia pia kwamba tuige Wamarekani. Hapo alinifurahisha, ila nadhani hakuusema utaratibu wao mpaka mwisho. Kule kwenye ule mpira wao wa kushika mikononi, kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni hupangwa, na timu iliyoburuza mkia ndiyo huchagua ya kwanza, bingwa anachagua mwisho. Mjadala wao kila mwaka ni ule ule tunaobishana sisi: umchukue kijana bora kuliko wote hata kama huna shida na nafasi yake, au umchukue wa nafasi iliyo wazi? Kuna ukweli pande zote mbili. Lakini wao wana kitu ambacho sisi hatuna, foleni. Kwetu hakuna foleni. Kijana anachukuliwa na aliyeamka mapema, na kwa miaka hii inayotuuma aliyeamka mapema ni Yanga.

Na walikuja kuchukulia hapa hapa kwetu! Kibwana Shomari alitoka Mtibwa Sugar, timu ya hapa mkoani Morogoro, mwaka 2020, na Dickson Job akamfuata mwaka 2021. Kipa Abuutwalib Mshery naye ni wa Mtibwa. Job alikuwemo kwenye Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana, iliyokwenda Gabon mwaka 2017 kwenye fainali za Afrika za vijana, nchi nzima ilimwona kwenye runinga, haikuwa siri ya mganga. Karibu miaka minne alikuwa pale Manungu, Turiani, uwanja wa Mtibwa, na sisi tulikuwa tunatafuta mabeki Ivory Coast na Congo. Clement Mzize, aliyemaliza ligi hii na mabao 14, mengi kuliko mshambuliaji wetu yeyote wa kati, wamempandisha kutoka timu yao ya vijana. Na ndiye aliyetufunga la pili Juni 25. Huyo hawakumnunua kwa mtu, wala hakukalia nafasi ya mgeni.

Nisiwe mnafiki, sisi wenyewe tulijua kazi hii zamani. Mbwana Samatta tulimchukua African Lyon akiwa kijana tu, akacheza kwetu muda mfupi, akatufungia dhidi ya TP Mazembe, na Mazembe wenyewe wakamchukua mwaka 2011. Kilichofuata kila mtu anakijua: Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Genk, Aston Villa, bao Wembley. Kapombe ametoka hapa Morogoro. Mkude nimeshamtaja. Tulikuwa na macho. Siku hizi nadhani macho yetu yako kwenye simu, tunatazama video za dakika tatu ambazo mchezaji hapotezi mpira hata mara moja.

Kuhusu kusafisha kikosi kizima, tulishafanya mwaka jana. Dirisha kubwa la 2024 aliondoka Chama, aliondoka Bocco, Saido, Inonga, Kanoute. Wakaja Ahoua, Mukwala, Mutale, Debora, Okejepha, Nouma, Karaboue, Hamza, Camara, Kagoma, Kijili, kisha Ateba, na dirisha dogo akasajiliwa Elie Mpanzu. Karibu timu nzima mpya. Watu wengi walituambia tutasubiri miaka mitatu, lakini mwaka wa kwanza tu tumefika fainali ya Afrika na tumepigania ubingwa mpaka siku ya mwisho. Hawa wameshazoeana. Che Malone Fondoh na Hamza pale nyuma wanajua nani anaruka na nani anabaki. Ahoua na Mpanzu wameanza kutafutana bila kutazamana. Leo tuwafukuze wote kwa sababu ya dakika chache za mwisho? Mwakani tutakuwa tunaandika barua hii hii, na majina mapya.

Najua kwa nini washambuliaji wananunuliwa kwanza. Siku ya Simba Day, tamasha la kutambulisha kikosi kipya, mshambuliaji akiitwa anatoka na muziki, uwanja unalipuka, jezi zinauzwa. Beki wa kushoto wa miaka 19 kutoka Turiani akitajwa, watu wanaulizana huyu nani. Na nyinyi waandishi wa michezo mnachangia, niseme ukweli wangu. Ukurasa wa mbele mnaweka straika kutoka Ghana ambaye "muda wowote anatua", wiki nzima hatui, wiki inayofuata mnatuletea mwingine. Mara ya mwisho kuona ukurasa wa mbele wa kiungo mkabaji ni lini? Viongozi nao wanasoma magazeti, wanaona presha ya mashabiki iko wapi, wanakwenda kununua presha ipungue.

Halafu kuna Chasambi. Usiku ule wa mechi ya Fountain Gate matusi yaliyomwagika bandani kwangu sitayaandika, nilizima sauti ya runinga kwa aibu ya watoto waliokuwepo. Huyu naye ni zao la Mtibwa, tulimchukua dirisha dogo la msimu wa 2023/24, mara moja hiyo tuliwahi sisi. Ana mbio na anathubutu. Amefanya kosa moja ambalo Camara pia alikuwa na sehemu yake, na watu wakataka auzwe kesho yake. Kama viongozi wakiwasikiliza mashabiki wangu, naomba wasifanye hivyo, maana nawajua, wale wale siku tatu kabla walikuwa wanamwita winga wa taifa. Kijana apelekwe kwa mkopo timu itakayompa mechi zote 30, kisha arudi. Akiuzwa moja kwa moja ataishia kule kule walikoenda Mkude na Chama, Yanga, na tutamwona akitukimbilia.

Mshambuliaji sikatai kabisa. Kama fedha itabaki, na kama mmoja kati ya Ateba na Mukwala ataondoka, aje mmoja wa kuziba. Mmoja. Ila asitangulie mbele ya namba sita, na asije kabla suala la Tshabalala halijajulikana, kwa maana ya kalamu kwenye karatasi. Akibaki, atafutiwe mdogo wake wa mguu wa kushoto sasa hivi. Akiondoka, basi tutahitaji wawili, na hapo ndipo tutakapojua bei ya kuchelewa.

Mtibwa wamepanda daraja, msimu ujao wa 2025/26 tutawaona tena Ligi Kuu baada ya mwaka mmoja wa mateso. Timu yao ya vijana wa chini ya miaka 20 imeshachukua ubingwa wa nchi zaidi ya mara moja. Skauti wa Simba hahitaji viza wala tiketi ya ndege kuwafikia. Apande treni ya SGR asubuhi kutoka Dar, baada ya kama saa mbili za safari yuko Morogoro, hapo ashike barabara ya Dumila, akunje kwenda Turiani. Kama hajui pa kupandia gari, aulize Kihonda kwenye banda la mpira, nitamsindikiza mwenyewe na nauli yake nitalipa.

Wako,
Mwanasimba, mwenye banda la mpira,
Kihonda, Morogoro